Mgombea anapojitoa, jina lake hubaki kwenye karatasi ya kura

Tarehe 10 Oktoba 2017, kiongozi wa muungano wa upinzani nchini Kenya, NASA, Bw. Raila Odinga, aliwatangazia waandishi wa habari jijini Nairobi kwamba yeye na mgombea mwenza wake, Bw. Kalonzo Musyoka, wamejiondoa katika uchaguzi wa marudio wa urais. Siku kumi na sita baadaye vituo vilifunguliwa, na kwenye karatasi za kura jina la Bw. Odinga lilikuwa mahali pake kama kawaida. Watu 73,228 walimpigia.

Tukio hilo linazua swali ambalo hurudi kila mara Afrika Mashariki na kwingineko: mgombea anaposema hadharani kwamba amejitoa, je, amejitoa kweli mbele ya sheria? Kura za wafuasi wake zinakwenda wapi? Na uchaguzi wenyewe unasimama, au unaendelea bila yeye?

Maneno na uzito wake

Magazeti hutumia maneno kadhaa kana kwamba yana maana moja, ilhali hayalingani. Mgombea anayejitoa, au kujiondoa, anatangaza kuwa hataki tena kuchaguliwa. Anayesusia anakataa uchaguzi wenyewe, na aghalabu huwataka wafuasi wake nao wasiende kituoni. Anayesitisha kampeni ameacha kuzunguka na kuhutubia, lakini huenda bado ni mgombea kamili. Na yuko anayempisha mwenzake, yaani anashuka ili mwingine apande, mara nyingi kwa makubaliano ambayo wananchi huyasikia baadaye.

Tume za uchaguzi hazisikilizi maneno hayo. Zinachotambua ni fomu iliyotiwa saini na kufikishwa kwa ofisa anayehusika kabla ya muda uliowekwa. Muda huo, katika nchi nyingi zilizorithi taratibu za Uingereza, hufungwa mapema, karibu na siku ya uteuzi wa wagombea. Sababu yake ni ya kawaida sana: karatasi za kura lazima zichapishwe, zisafirishwe na zigawanywe. Karatasi za Kenya za mwaka 2017 zilichapishwa Dubai, na mamilioni ya karatasi hayaondolewi jina moja kwa tangazo la alasiri moja.

Kenya 2017: hoja ya aya moja

Ili kuelewa hatua ya Bw. Odinga ni lazima kuanzia 1 Septemba mwaka huo. Siku hiyo Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa wingi wa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta katika uchaguzi wa 8 Agosti. Halikuwa jambo dogo. Haikuwa imewahi kutokea barani Afrika kwamba mahakama ifute ushindi wa rais aliye madarakani kwa kesi ya mpinzani wake. Majaji, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, waliagiza uchaguzi mpya ndani ya siku 60.

NASA iliweka masharti. Ilitaka maofisa kadhaa wa Tume ya Uchaguzi, IEBC, waondolewe, ilitaka kampuni nyingine ichapishe karatasi, na ilitaka mfumo wa kupeleka matokeo ufanyiwe marekebisho yanayoonekana. Serikali nayo ilikuwa na haraka yake. Hofu ilikuwapo ndani ya Tume yenyewe. Meneja wake wa teknolojia ya habari, Bw. Chris Msando, alikutwa ameuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti.

Bw. Odinga alipojiondoa, wengi walidhani amekata tamaa tu. Mawakili wake, hata hivyo, walikuwa wameshika jambo mahususi. Mwaka 2013, katika hukumu ya kesi ambayo Bw. Odinga huyohuyo alishindwa, Mahakama ya Juu ilikuwa imesema katika aya moja kwamba iwapo mgombea katika uchaguzi wa namna hiyo atafariki, au atauacha uchaguzi kabla ya siku yake, basi uteuzi wa wagombea ufanywe upya. Kwa tafsiri ya NASA, hilo lilimaanisha kwamba uchaguzi wa 26 Oktoba umekwishafutika na Kenya irudi mwanzo, ndani ya siku 90, kwa Tume iliyorekebishwa. Kwa hiyo kujitoa kulikuwa njia ya kuusimamisha uchaguzi, si ya kuukimbia.

Naamini hoja hiyo ilikuwa na uzito kuliko ilivyopewa wakati ule, hasa na wanadiplomasia waliokuwa wakihimiza tu watu waende kupiga kura. Lakini ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: ilitegemea kwamba kujitoa kumekwisha kutokea kisheria, na fomu ya Tume ya kujitoa haikuwa imejazwa.

Siku moja baadaye, 11 Oktoba, Mahakama Kuu iliamua kwamba Bw. Ekuru Aukot, aliyekuwa miongoni mwa wagombea wanane wa Agosti, alikuwa na haki ya kushiriki marudio. Tume ikatumia uamuzi huo kuyarudisha majina mengine pia, na hivyo uchaguzi uliokuwa wa watu wawili ukawa, angalau kwenye karatasi, wa watu wanane. Bunge, ambalo chama tawala kilikuwa na wingi, lilipitisha wakati huohuo mabadiliko ya sheria yaliyosema kwamba mmoja akijitoa katika marudio, aliyebaki atangazwe mshindi. Rais hakuyatia saini, na hayakuwa sheria hadi uchaguzi ulipokwisha kupita.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Tarehe 18 Oktoba kamishna wa Tume, Bi. Roselyn Akombe, alitangaza kujiuzulu akiwa New York. Siku hiyohiyo mwenyekiti, Bw. Wafula Chebukati, alikiri kuwa hawezi kuhakikisha uchaguzi wa kuaminika katika mazingira yale. Jioni ya 24 Oktoba dereva wa Naibu Jaji Mkuu, Bi. Philomena Mwilu, ambaye pia alikuwa mlinzi wake, alipigwa risasi na kujeruhiwa. Kesho yake Mahakama ya Juu ilipaswa kusikiliza ombi la dharura la kuahirisha uchaguzi. Sheria inataka majaji wasiopungua watano. Waliofika ni wawili, Jaji Mkuu Maraga na Jaji Isaac Lenaola. Akidi haikutimia, na ombi halikusikilizwa.

Uchaguzi ulifanyika. Katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori haukufanyika. Uliahirishwa kwanza, kisha Tume ikaacha kabisa kuuitisha huko. Watu waliuawa katika makabiliano na polisi. Bw. Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 98.26, lakini waliojitokeza nchini kote walikuwa chini kidogo ya asilimia 39, ilhali mwezi Agosti walikuwa zaidi ya robo tatu ya walioandikishwa.

Tarehe 20 Novemba Mahakama ya Juu iliidhinisha matokeo kwa kauli moja. Katika sababu zake za baadaye iliyachukulia maneno ya mwaka 2013 kuwa ya pembeni, yasiyoifunga mahakama. Aya iliyokuwa imebeba mkakati mzima wa NASA ikaondolewa nguvu na mahakama ileile iliyoiandika.

Historia ya siasa iliendelea kwa njia nyingine. Bw. Odinga aliapishwa na wafuasi wake kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru Park tarehe 30 Januari 2018, na tarehe 9 Machi akapeana mkono na Bw. Kenyatta kwenye ngazi za Harambee House. Aligombea tena mwaka 2022 na kushindwa na Bw. William Ruto. Alifariki nchini India mwezi Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 80.

Zimbabwe 2008: uamuzi wa kuokoa roho

Kama kesi ya Kenya ilikuwa ya mawakili, ya Zimbabwe ilikuwa ya hospitali na makaburi. Katika duru ya kwanza ya 29 Machi 2008, Bw. Morgan Tsvangirai wa chama cha MDC alimshinda Rais Robert Mugabe kwa asilimia 47.9 dhidi ya 43.2. Matokeo hayo yalitangazwa baada ya zaidi ya mwezi mmoja. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, duru ya pili ikapangwa 27 Juni.

Wiki za katikati zilikuwa za vitisho na vipigo, hasa vijijini, katika maeneo yaliyothubutu kuipa MDC kura. Chama hicho kilisema wafuasi wake zaidi ya 80 waliuawa. Tarehe 22 Juni, siku tano kabla ya kura, Bw. Tsvangirai alitangaza kujitoa, akisema hawezi kuwaomba watu wapige kura ambayo ingewagharimu maisha. Kisha akakimbilia ubalozi wa Uholanzi mjini Harare.

Tume ya Uchaguzi ilijibu kwa lugha ya kalenda: sheria inataka mgombea wa urais atoe taarifa wiki tatu kabla, na muda huo umekwisha pita, kwa hiyo kujitoa kwake hakuna nguvu yoyote. Uchaguzi ukaendelea. Bw. Mugabe alipewa zaidi ya asilimia 85. Bw. Tsvangirai, ambaye hakuwa akigombea kwa kauli yake mwenyewe, alipata kura zipatazo 233,000, na kura zilizoharibika zilizidi 131,000. Idadi hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa mara mbili. Katika nchi ambayo watu walikaguliwa vidole kuona kama vina wino, kuiharibu karatasi kulikuwa njia ya kwenda kituoni bila kumchagua mtu.

Bw. Mugabe aliapishwa tarehe 29 Juni na kuruka moja kwa moja hadi Sharm el-Sheikh, Misri, kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika, ambao mwenyekiti wake mwaka ule alikuwa Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania. Mkutano ule haukumkataa, lakini ulihimiza serikali ya umoja wa kitaifa. Makubaliano yalitiwa saini Septemba, na Februari 2009 Bw. Tsvangirai akawa Waziri Mkuu, wadhifa alioushika hadi 2013. Alifariki mwaka 2018.

Wapo wanaosema kwamba angebaki angeshinda. Ni rahisi kulisema hilo ukiwa mbali. Aliyejitoa hakuwa anahesabu kura peke yake.

Zanzibar 2016: gharama ya asilimia kumi

Kisa cha Zanzibar ndicho kinachotufundisha zaidi kuhusu hasara ambayo haionekani siku ya kujitoa. Uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 ulikuwa umekwishapigwa na matokeo yalikuwa yakitangazwa jimbo baada ya jimbo, pale mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC, Bw. Jecha Salim Jecha, alipoufuta tarehe 28 Oktoba. Mgombea wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, alikuwa amekwishatangaza kuwa hesabu za chama chake zinaonyesha ameshinda. Ajabu iliyowashangaza wengi ni kwamba kura za Muungano, zilizopigwa siku hiyohiyo na katika vituo vilevile, hazikuguswa.

Marudio yakapangwa 20 Machi 2016. Baraza Kuu la CUF liliamua kutoshiriki, kwa hoja kwamba uchaguzi halali ulikwisha fanyika na kuingia katika wa pili ni kukiri kwamba wa kwanza ulikuwa batili. Tume ilisema hakuna aliyejitoa kwa utaratibu wa sheria. Majina yakabaki. Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Maalim Seif aliandikiwa kura 6,076, yaani asilimia 1.9.

Hapa ndipo hesabu ilipouma. Kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2010, yaliyotokana na maridhiano na kura ya maoni ya 31 Julai mwaka huo, nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar huenda kwa chama kilichopata angalau asilimia kumi ya kura za urais. Maalim Seif mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuishika. Mwaka 2016 hakuna chama kingine kilichofika asilimia kumi. Wa pili alikuwa Bw. Hamad Rashid Mohamed wa ADC, kwa takriban asilimia 3. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki wazi, CUF ikatoka katika Baraza la Wawakilishi, na serikali ya umoja wa kitaifa iliyojengwa kwa miaka ya mazungumzo ikaishia hapo kwa kipindi kile.

Msimamo wa CUF ulikuwa na mantiki, na sidhani kwamba kushiriki kungebadili mshindi. Lakini kujitoa kuliigharimu Pemba, na nusu ya Unguja, sauti yake ndani ya serikali kwa miaka mitano. Nje ya nchi kulikuwa na bei nyingine. Mwezi huohuo wa Machi shirika la Marekani la Changamoto za Milenia lilisimamisha ushirikiano na Tanzania uliokuwa na thamani ya takriban dola milioni 472, likitaja uchaguzi wa Zanzibar pamoja na namna sheria ya makosa ya mtandao ilivyotumika.

Mwaka 2020 Maalim Seif, safari hii kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, alishiriki hadi mwisho. Aliyakataa matokeo, lakini chama chake kilivuka asilimia kumi, na Desemba mwaka huo akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Alifariki 17 Februari 2021. Wadhifa ule ukaenda kwa Bw. Othman Masoud Othman wa chama hichohicho.

Wanaompisha mwenzao

Si kila kujitoa ni malalamiko. Tarehe 14 Oktoba 2002, katika Uhuru Park, Bw. Odinga aliyapa maneno mawili, "Kibaki tosha", nguvu ya kuunganisha upinzani uliokuwa umegawanyika, na Desemba Bw. Mwai Kibaki akaiondoa KANU madarakani. Aliwahi kabla ya fomu za uteuzi kurudishwa, kwa hiyo hapakuwa na jina la kufuta.

Wakongo nao walilifanya hili kwa kishindo mwaka 2018. Mjini Geneva, tarehe 11 Novemba, viongozi wa upinzani walimchagua Bw. Martin Fayulu kuwa mgombea wao mmoja. Haukupita muda wa kukauka wino: siku iliyofuata Bw. Félix Tshisekedi na Bw. Vital Kamerhe waliondoa saini zao baada ya wafuasi wao kuja juu. Kabla mwezi haujaisha walikutana Nairobi, na Bw. Kamerhe akampisha Bw. Tshisekedi. Bw. Tshisekedi alitangazwa mshindi Januari 2019, matokeo ambayo Bw. Fayulu hakuyakubali. Bw. Kamerhe akawa mkuu wa ofisi ya rais.

Tanzania ilitoa mfano wa kinyume mwaka 2020, pale chama kilipojitoa bila mgombea wake. Viongozi wa ACT-Wazalendo walitangaza kumuunga mkono Bw. Tundu Lissu wa Chadema katika urais wa Muungano, ilhali mgombea wao wenyewe, Bw. Bernard Membe, alisisitiza kuwa bado yumo. Kisheria alikuwa sahihi. Alipata kura zipatazo 81,000.

Marekani: kusitisha bila kuacha

Wasikilizaji wetu walioko Marekani wanajua kwamba wagombea wa huko karibu kamwe hawasemi wameacha. Husema wamesitisha kampeni. Tofauti hiyo ina faida. Anayesitisha anaweza kuendelea kuchangisha fedha za kulipa madeni, na katika mchujo wa vyama huenda akabaki na wajumbe aliowapata. Bi. Hillary Clinton alipositisha kampeni yake mjini Washington tarehe 7 Juni 2008 na kumuunga mkono Bw. Barack Obama, alikuwa na deni la zaidi ya dola milioni 20, sehemu yake akiwa amejikopesha mwenyewe. Agosti, katika mkutano mkuu wa chama mjini Denver, ni yeye aliyetoa hoja kwamba Bw. Obama ateuliwe kwa sauti ya wote.

Rais Joe Biden alijitoa kwa barua tarehe 21 Julai 2024, kabla chama chake hakijamteua rasmi, na kwa sababu hiyo kulikuwa na nafasi ya kumweka Bi. Kamala Harris bila mgogoro wa karatasi. Bw. Ross Perot, mwaka 1992, aliacha Julai, akarudi 1 Oktoba, na bado akapata karibu asilimia 19 ya kura, ingawa hakupata mjumbe hata mmoja katika jopo linalomchagua rais.

Aliyekutana na tatizo lilelile la Nairobi na Harare ni Bw. Robert F. Kennedy mdogo. Tarehe 23 Agosti 2024 alisitisha kampeni yake ya mgombea huru, akamuunga mkono Bw. Donald Trump, na kuomba jina lake liondolewe katika majimbo yenye ushindani mkali. North Carolina ililazimika kuchelewesha kutuma kura za posta ili karatasi zichapishwe upya. Michigan na Wisconsin zilikataa, na wiki moja kabla ya uchaguzi Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuingilia. Siku ya kura, zaidi ya watu 26,000 wa Michigan walimchagua mtu aliyekuwa amewaomba wampigie mwingine.